Je, Wajua? Mwenyeji wa Zanzibar Alikuwa Nani?

Je, wajua kwamba Hizbu, chama ambacho wengi hukiita cha Waarabu, kilichipuka kwa wakulima wa Kihadimu, wenyeji wa Unguja, huko Kiembe Samaki? Wanakijiji hao walikuwa wamekwisha kunyang'anywa ardhi kwa ajili ya uwanja wa ndege. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni ikawaamuru wachanje ng'ombe wao dhidi ya kimeta, wakakataa. Watu wakafungwa, wenzao walipojaribu kuwatoa wakamiminiwa risasi. Mpaka leo Unguja tukio hilo huitwa Vita vya Ng'ombe. Kutoka huko kikazaliwa chama cha raia wa Sultani, ndicho kilichokuja kuwa Hizbu, na mwaka 1955 wasomi wa mjini wakajiunga nacho, akiwemo Ali Muhsin, wa ukoo wa Barwani, tawi la Waharithi wa Sharqiyah ya Omani, upande wa Ibra.

Je, wajua kwamba waziri mkuu aliyepinduliwa tarehe 12 Januari 1964 hakuwa Mmanga, yaani Mwarabu wa Omani? Ni Mohamed Shamte, Mshirazi, mwenyeji wa Pemba. Washirazi walikuwa wamegawanyika: wengine walikuwa chama cha Afro-Shirazi, wengine chama cha Shamte, kilichotoka ubavuni mwa Afro-Shirazi mwaka 1959. Katika uchaguzi wa Julai 1963 Afro-Shirazi ilipata asilimia 54 ya kura, lakini viti 13 tu kati ya 31. Ndiyo maana kusema kwamba wenyeji waliwatoa wageni ikaja jamhuri ni kuifupisha mno habari hii, na ufupi huo umewaumiza watu wengi. Wenyeji walikuwa pande zote mbili. Kabla ya masultani, Wahadimu walikuwa na mtawala wao, Mwinyi Mkuu wa Dunga, mwenye siwa na ngoma zake. Wa mwisho alifariki mwaka 1873.

Hata ng'ambo ya bahari, Omani walikotoka masultani, mji wa Nizwa haukujua watawala wa kurithi peke yao. Kwa Waibadhi wa huko imamu alichaguliwa na maulamaa na masheikh wa makabila, kisha akapewa baia, yaani kiapo cha utii, na haikuwa lazima awe wa ukoo fulani. Imamu Muhammad al-Khalili alishika uimamu tangu 1920 hadi 1954. Mwaka uliofuata majeshi ya Sultani wa Maskati yakaingia Nizwa.

Huku Zanzibar, baada ya Mapinduzi ya 1964, Wamanga wa mashamba waliuawa kwa wingi, na waliosalimika wakatawanyika. Mlango wa Omani ulifunguka hasa baada ya Sultani Qaboos kushika utawala huko, tarehe 23 Julai 1970. Ndiyo sababu sokoni Ibra utasikia bibi aliyevaa abaya akimwambia mwenzake, “Njoo, shoga, nikuonjeshe mbatata za urojo,” na muuza duka jirani, aliyezaliwa hapo hapo, huwaita wote wawili Wazinjibari.

Sultani Jamshid mwenyewe, aliyepinduliwa pamoja na Shamte, alingoja zaidi. Aliishi Portsmouth, Uingereza, hadi Septemba 2020 aliporuhusiwa kuingia Omani, nchi ya mababu zake. Alifariki Maskati mwaka 2024.