Umehukumiwa Bila Kuitwa? Usikate Tamaa



Mimi ni bwana shamba. Kazi yangu ni mahindi na mbolea, wala si sheria. Lakini siku moja nilijifunza jambo kubwa kwa mkulima mmoja.

Nilimkuta ameketi chini ya mwembe. Mkononi ana karatasi.

"Bwana shamba, hebu nisomee," akasema. "Huenda mimi nimesoma vibaya."

Hakusoma vibaya. Karatasi ilitoka mahakama ya mwanzo. Ilisema ameshindwa kesi ya deni la shilingi 420,000. Asipolipa, ng'ombe wake wawili wa kulimia watauzwa.

Ni kweli alikopa mifuko 6 ya mbolea dukani. Lakini alikwisha kulipa shilingi 250,000, na stakabadhi anayo. Tena hakupata kuitwa mahakamani.

Tukauliza nyumbani. Mtoto wa miaka 8 akakumbuka. Mtu wa baiskeli alimpa karatasi, wakati wazazi wako shamba la mbali. Akaichomeka kwenye paa la nyasi, akasahau. Tukaitoa. Ilikuwa ni samansi, yaani hati ya kuitwa shaurini.

SHERIA INASEMAJE?

Katiba yetu, ibara ya 13, inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu. Mdaiwa asipofika, mahakama inaweza kusikiliza upande mmoja na kutoa hukumu. Lakini lazima awe ameitwa kwanza. Samansi hukabidhiwa mdaiwa mwenyewe, naye hutia sahihi. Asipopatikana, aweza kupewa mtu mzima wa nyumba yake. Mtoto wa miaka 8 si mtu mzima.

Kanuni za mahakama za mwanzo za mwaka 1964 zinamruhusu mdaiwa kuomba hukumu ya namna hiyo ifutwe. Sababu ni mbili: hakuitwa ipasavyo, au alizuiwa kufika na jambo zito, kama ugonjwa mkubwa.

ALIFANYA NINI?

Kwanza, hakukaa. Kesho yake alfajiri alikwenda mahakama ile ile iliyotoa hukumu. Siku za kuomba zina mwisho. Ukichelewa, mlango unaweza kufungwa.

Pili, alimwomba karani amwonyeshe jalada la kesi. Akataka kuona nani alitia sahihi samansi.

Tatu, alitoa ombi la kufuta hukumu. Akaomba pia ng'ombe wasiuzwe kabla ombi halijasikilizwa.

Nne, alichukua stakabadhi yake na shahidi wa kueleza alikuwa wapi.

Hakimu aliita pande zote mbili. Akaona ni kweli, akafuta hukumu. Kesi ikaanza upya. Stakabadhi ikasomwa. Mkulima akaamriwa kulipa shilingi 170,000 zilizobaki. Alilipa baada ya mavuno. Ng'ombe wake bado wanalima.

Angalieni vema: kufuta hukumu si kufuta deni. Deni la kweli hulipwa. Tena, ukipewa samansi usiikimbie. Ukiikimbia, utajidhuru mwenyewe.

Kama jambo ni gumu, mtafute msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua watu hawa.

Na leo jioni waambieni watoto: karatasi yoyote ikiletwa nyumbani, wampe baba au mama siku ile ile. Nawe uisome.