Kasha la kompyuta likipiga shoti: chanzo chake na hatua za kuchukua

Mtumiaji wa kompyuta ya mezani anayehisi mtekenyo mkononi kila anapoligusa kasha la chuma, hususan akiwa pekupeku juu ya sakafu ya saruji, hapaswi kuizoea hali hiyo. Mara nyingi kompyuta yenyewe ni nzima. Kilichokosekana ni ethi, yaani njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja.

Wakati wa kiangazi, ambapo hewa ya Sumbawanga na Uwanda wa Ufipa huwa baridi na kavu, mtu aliyevaa sweta anaweza kushtuliwa mara moja na cheche ndogo aligusapo chuma. Huo ni umeme tuli wa mwilini mwake, nao huisha papo hapo. Mtekenyo unaoendelea muda wote kompyuta ikiwa imechomekwa ni jambo jingine.

Umeme wa majumbani nchini ni wa volti 230. Ndani ya kompyuta, kifaa kinachopokea umeme huo kina kapasita ndogo za kuchuja mawimbi yasiyotakiwa. Kiasi kidogo cha umeme, kwa kawaida chini ya miliampia 1, hupita humo hadi kwenye kasha. Waya wa ethi, wenye rangi ya kijani na njano, huupeleka ardhini. Waya huo ukikosekana, umeme hutafuta njia kupitia mwili wa mtumiaji. Printa na skrini zikiunganishwa kwenye ekstensheni hiyo hiyo isiyo na ethi, uvujaji wa kila kifaa hujumlishwa.

Hatari kubwa hutokea pale waya wa moto unapochubuka na kuligusa kasha. Bila ethi, kasha hubeba volti zote 230, na anayeligusa anaweza kupoteza maisha.

Hatua ya kwanza ni kuacha kuligusa kasha, kuzima swichi ya ukutani na kuchomoa plagi kwa mikono mikavu. Kisha mtumiaji akague kama plagi ina miguu mitatu na haijakatwa, na kama ekstensheni ina nyaya tatu, kwa kuwa zipo zenye matundu matatu lakini nyaya mbili tu ndani. Plagi ya miguu miwili isilazimishwe kwa kusukuma kalamu au kijiti kwenye tundu la juu la soketi. Endapo waya wa kompyuta unaonekana mzima na umechomekwa moja kwa moja ukutani, tatizo laweza kuwa kwenye soketi, kwenye mfumo wa jengo au ndani ya kompyuta. Hapo aitwe fundi; kasha lisifunguliwe na asiye na ujuzi.

Mtekenyo kutoweka si uthibitisho kwamba ethi inatosha. Udongo unapokauka, ukinzani wa ethi huongezeka. Iwapo ukinzani utafikia omu 100, hitilafu ya volti 230 itapitisha ampia 2.3 tu, kiasi kisichoweza kuangusha sakiti breka ya ampia 32. Kasha litaendelea kuwa na umeme bila dalili yoyote. Kwa sababu hiyo, ni vyema ethi ipimwe kwa kifaa maalumu mwishoni mwa kiangazi, kabla ya mvua za Novemba, na jengo lifungwe kifaa kinachokata umeme mara unapovuja.

Wananchi wakumbuke kuwa nyaya za ndani ya jengo, baada ya mita, ni dhamana ya mteja mwenyewe. Kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA). Aidha, mtu akinaswa na umeme, asishikwe kabla ya kuzimwa kwa swichi kuu.

Shule na ofisi zenye kompyuta nyingi zinapaswa kutanguliza ukaguzi huu, kwa kuwa hitilafu moja ya ethi huwaweka hatarini watumiaji wote wa chumba.