Kupanda Kanisa Juba na Wajibu wa Askari

Askari aliye doria mjini Juba asubuhi ya Jumapili huona jambo ambalo pengine halitilii maanani. Watu wanapita kwa makundi, kina mama wamejitwika viti vya plastiki, vijana wamebeba ngoma, na wote wanaelekea chini ya mwembe mmoja. Hapana jengo wala kengele. Miezi ikipita, pale mwembeni zitasimama nguzo na paa la mabati. Mungu akijalia, ukuta wa matofali utafuata. Hivyo ndivyo kanisa jipya lipandwavyo.

Msomaji aliye kambini au kituoni huenda akauliza: mambo hayo yatuhusu nini sisi wenye kuvaa sare? Tunajibu kuwa yatuhusu sana. Historia ya mji huo yaonyesha kwamba mbegu ya kanisa ina maadui wawili: kukosa mizizi miongoni mwa wenyeji, na kung'olewa na wenye nguvu.

Tuanze na adui wa kwanza. Huko Gondokoro, ukingo wa mashariki wa Mto Nile, mapadri wa Kikatoliki kutoka Ulaya, wakiongozwa na Ignaz Knoblecher, walifungua misheni mwaka 1853. Homa iliwaua mmoja baada ya mwingine. Tena wafanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa walipita katika mto uleule, hata Wabari wakawa na shaka juu ya kila mgeni. Kufikia mwaka 1860 misheni ilikuwa imefungwa. Daniel Comboni, aliyekuwa ametumika katika misheni za Nile, aliandika mwaka 1864 mpango ambao kiini chake ni kwamba Afrika itaokolewa na Waafrika wenyewe.

Ukweli wa neno hilo ulionekana karne moja baadaye. Mwezi Februari 1964 serikali ya Jenerali Ibrahim Abboud iliwafukuza wamisionari wa kigeni, wapatao 300, kutoka Sudan ya Kusini. Julai 1965 askari wa serikali ya Khartoum waliwaua raia mjini Juba, na watu wengi wakakimbilia porini, Uganda na Kongo. Lakini safari hii mbegu haikufa. Makatekista, mapadri na wachungaji wazalendo walisali na watu wao vichakani na katika kambi za wakimbizi. Mwaka 1972 Baraza la Makanisa Ulimwenguni na Mkutano wa Makanisa Yote ya Afrika yalisaidia kuzipatanisha pande mbili, na mkataba wa amani ukatiwa sahihi Addis Ababa.

Vita vilirudi mwaka 1983. Baada ya mkataba wa Januari 2005, wananchi walirejea Juba kutoka Kakuma, Uganda na Khartoum. Walirudi na vitabu vyao vya nyimbo na lugha zao. Vigango na sharika zikachipuka mitaani: ibada za Kibari, Kidinka, Kinuer na Kizande, nyingine za Kiarabu cha Juba na Kiingereza. Kule Munuki ipo parokia yenye jina la Mtakatifu Kizito, kijana aliyeuawa Namugongo, Uganda, mwaka 1886.

Wingi huo wa lugha ni baraka, kwani bibi kizee huomba kwa lugha aliyonyonya kwa mama yake. Lakini ndani ya baraka hiyo imo hatari. Sisi askari twajua kwamba kikosi kilichopangwa kwa makabila si jeshi tena; ni makundi yanayongojea siku ya kupigana. Usharika nao ukigeuzwa boma la kabila moja, mgeni akakosa pa kukaa, umepandwa juu ya mwamba. Makanisa yenyewe yamekwisha kuonyesha njia iliyo bora: mwaka 1999, kule Wunlit, yaliwakutanisha wazee wa Kidinka na wa Kinuer, wakafanya amani.

Sasa tumwangalie adui wa pili, na hapa hatuna budi kujitazama wenyewe. Mapigano yalipozuka Juba Desemba 2013, na tena Julai 2016, raia walikimbilia makanisani. Kanisa Kuu la Mtakatifu Teresa, Kator, lilikuwa miongoni mwa makimbilio hayo. Mama aliyeketi sakafuni na wanawe alimkimbia nani? Alimkimbia mtu mwenye bunduki na sare. Jawabu hilo ni chungu, lakini askari mwaminifu halikwepi.

Sheria haina utata. Itifaki ya Pili ya mwaka 1977, inayoongeza nguvu Mikataba ya Geneva, katika ibara ya 16 inakataza kuzishambulia nyumba za ibada zilizo urithi wa kiroho wa watu, na inakataza pia kuzitumia kwa shughuli za vita. Basi kamanda asiweke lindo mnarani wala risasi madhabahuni. Msikiti nao ni vivyo hivyo. Polisi anayeletewa ugomvi wa kiwanja cha kanisa na azisikilize pande zote mbili, hata kama upande mmoja ni usharika wake mwenyewe.

Februari 2023 Papa Fransisko, Justin Welby, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, na Iain Greenshields, aliyeongoza Kanisa la Scotland, walisali pamoja na umati penye kaburi la John Garang. Madhehebu matatu yalisimama jukwaa moja, na hapana aliyeulizwa kabila lake.

Ndugu askari, watu wale wa mwembeni hawatuombi tuwajengee kanisa. Watalijenga wenyewe. Wanachotuomba ni kwamba siku ya machafuko, mtoto akimwona mwenye sare mlangoni pa kanisa, asikimbie. Mti huchukua miaka kukua, bali shoka huuangusha kwa saa moja. Shoka li mikononi mwetu, na tulizuie.