Mbwa Mwenye Ndevu wa Wachungaji wa Scotland

Watu wa Scotland, nchi ya milima, baridi na mvua nyingi, wanaye mbwa wa kuchunga aitwaye Bearded Collie, maana yake Collie mwenye ndevu. Mbwa dume ana kimo cha inchi 21 au 22 begani, na manyoya yake ni marefu toka kichwani mpaka miguuni, hata kidevu chake chafanana na cha mzee. Manyoya hayo ni ya tabaka mbili: ya ndani ni mororo kama sufu, nayo huzuia baridi, ya nje ni magumu, nayo huteremsha maji. Kwa vazi hilo aweza kushinda mlimani akikusanya kondoo, au njiani akiswaga ng'ombe.

Juu ya sifa hizo, ukoo wake ulikaribia kupotea. Wachungaji walimpenda kwa kazi, lakini wengi hawakuandika wazazi wa mbwa wao. Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Vita vya pili vya dunia vilipokuwa vikipiganwa, aina hii ilikuwa karibu kwisha katika daftari za Kennel Club, chama kilichoanzishwa London mwaka wa 1873.

Mwaka wa 1944 Bibi G. Olive Willison wa Uingereza aliagiza mtoto wa mbwa wa aina ya Shetland. Kwa makosa akaletewa jike la Collie mwenye ndevu. Hakumrudisha. Alimwita Jeannie, na alipoona akili yake akamtafutia mume wa aina yake, asipate. Kisha siku moja, pwani ya Hove, akamwona mbwa wa namna ileile akicheza. Mwenyewe alikuwa karibu kuhama nchi, akakubali kumtoa. Huyo ndiye Bailie. Wakazaa, na Bibi akaviandika vizazi vyao. Mwaka wa 1955 chama cha wafugaji wa mbwa hawa kikaundwa, na wengi wa walioandikwa leo ni wa uzao wa wawili hao.

Kumtunza mbwa huyu si kazi ya mvivu. Kila juma yapasa alazwe ubavu, manyoya yagawanywe fungu kwa fungu, na kupigwa burashi mpaka kwenye ngozi. Apigaye burashi juu juu huona mbwa amependeza, kumbe chini, nyuma ya masikio na kwapani, manyoya yamesokotana, yashika maji na kuleta vidonda. Mtoto abadilishapo manyoya hutaka burashi kila siku. Tena atazamwe masikio, na nyayo zake zitolewe miiba na matope.

Jambo la pili ni kazi. Mbwa huyu alizaliwa kufikiri na kukimbia. Afungwaye uani kutwa hubweka, na akosapo kondoo huwachunga watoto na kuku. Afundishwe kwa sauti ya upole, kwa maana akipigwa huacha kumwamini bwana wake.

Basi, atakaye mbwa wa namna hii na asiulize kwanza bei yake, bali ajiulize kama anayo nafasi ya kumhudumia kwa miaka 12 au zaidi. Na mwenye mbwa wa kawaida nyumbani, naye amtazame ngozi, masikio na nyayo leo jioni. Kitunze kidumu.