Mama Aliyejifungua Anaposhindwa Kulala Chali

Baadhi yenu mliopita katika wodi yetu ya wazazi mnalifahamu swali letu: "Unalala na mito mingapi?" Wengine hucheka, maana nyumbani hata mto mmoja hakuna. Basi tunauliza kwa namna nyingine: "Je, unaweza kulala chali usiku bila kukosa pumzi?" Mama akijibu kwamba hawezi, kwamba anakesha ameketi na kuegemea ukuta, hatumwachi aende nyumbani, hata kama alikuja kwa sababu nyingine kabisa.

Swali hilo tulifundishwa na bibi mmoja. Miaka michache iliyopita aliletwa kwetu mama kutoka upande wa Handeni, aliyejifungua mapacha wiki tano kabla. Uzazi wenyewe ulikwenda vizuri. Baadaye akaanza kuchoka, miguu ikavimba, akakohoa usiku. Jirani walisema ni safura. Wengine walisema amerogwa kwa kijicho cha mapacha. Katika zahanati moja alitundikiwa dripu mbili ili "apate nguvu", na usiku ule nusura afe. Nasi alipofika kwetu hatukuwa na akili zaidi. Tuliona amepauka kidogo tukafikiri ni upungufu wa damu, tukaanza kutafuta ndugu wa kumtolea. Ndipo mama mkwe wake, aliyekuwa amekaa chini karibu na kitanda, akasema, "Sista, huyu mkwe wangu halali. Tangu mwezi ulioandama anakaa tu kama mlinzi." Mganga wa zamu alimwinamia tena, akasikiliza mapafu na moyo, akatazama mishipa ya shingo. Ilikuwa imesimama. Damu ikaahirishwa, na dawa ya kukojoza ikachomwa mara moja.

Ugonjwa wake ni wa misuli ya moyo kulegea kwa sababu ya uzazi. Waganga huuita peripatamu kadiomiopathi. Si ugonjwa wa kila siku. Miezi inaweza kupita bila sisi kumwona mgonjwa hata mmoja. Lakini hiyo ndiyo hatari yake. Wilaya zetu za Handeni na Korogwe ni za malaria tangu zamani, na mama akichoka wote tunafikiri malaria na damu. Mara nyingi tunafikiri sawa. Ila yule mmoja ambaye si malaria wala damu, dripu na damu ya haraka zinaweza kumuua.

Tueleze kidogo. Moyo ni pampu ya nyama, ukubwa wake kama ngumi ya mwenyewe. Wakati wa ujauzito damu ya mama huongezeka karibu kwa nusu, na moyo hulazimika kusukuma mzigo huo wote. Mioyo mingi huweza. Kwa akina mama wachache, ambao awali hawakuwa na ugonjwa wowote wa moyo, misuli hulegea na chumba cha kushoto hutanuka kama mfuko uliochakaa. Damu isiyosukumwa mbele hurudi nyuma. Ikijaa kwenye mapafu, mama hukosa pumzi akilala. Ikijaa mwilini, miguu na ini huvimba. Haya hutokea kuanzia mwezi wa mwisho wa ujauzito hadi miezi mitano baada ya kujifungua, na wengi huanza baada ya mtoto kuzaliwa, wakati ambapo hakuna tena anayempima mama. Kliniki tunapeleka mtoto, mama anakuwa mbebaji tu.

Chanzo chake hakijajulikana chote. Wataalamu wameona kwamba homoni ya kutengeneza maziwa, prolaktini, inaweza kukatika vipande mwilini mwa baadhi ya akina mama, na kipande kimoja huumiza mishipa midogo ya moyo. Walio katika hatari zaidi ni waliopita miaka 30, waliozaa mara nyingi, waliobeba mapacha, na hasa waliopata shinikizo la damu au kifafa cha mimba. Hata hivyo tumemwona pia msichana wa uzazi wa kwanza. Na wanawake wa asili ya Afrika wanaupata kuliko wengine.

Mahali palipojulikana sana kwa ugonjwa huu ni Zaria, kaskazini mwa Nijeria. Huko mama wa Kihausa, baada ya kujifungua, alikuwa akinywa uji uliotiwa kanwa, ambayo ni chumvi ya ziwani jamii ya magadi, kwa siku 40, akioga maji ya moto sana na kulala juu ya kitanda cha udongo kilichowashiwa moto chini yake. Katika miaka ya 1970 madaktari wa hapo walieleza kwamba chumvi nyingi na joto vilikuwa vikiuzidishia moyo mzigo. Watafiti waliofuata walitilia shaka kama desturi hizo ndizo chanzo. Sisi tunalitaja jambo hili kwa sababu nasi tuna arobaini zetu, na magadi yapo katika maharage na mboga zetu. Hatusemi magadi huleta ugonjwa wa moyo. Tunasema kwamba mama ambaye moyo wake umeshalegea, magadi na chumvi humjaza maji, na mama mkwe anayempikia kwa upendo hana habari.

Sasa, utamtambuaje nyumbani? Mjamzito kuvimba miguu ni kawaida, lakini baada ya kujifungua uvimbe unapaswa kupungua siku hadi siku. Ukiongezeka, kuna jambo. Bonyeza kwa kidole juu ya mfupa wa muundi. Kama shimo linabaki, lete mgonjwa. Mama anayeshtuka usiku akitafuta hewa dirishani, anayekohoa povu, anayesikia moyo unakwenda mbio hali amekaa, au anayeshindwa kwenda kisimani bila kupumzika njiani ilhali zamani alikwenda na ndoo kichwani, huyo asisubiri siku ya kliniki. Wengi wao wamekwisha kutibiwa pumu au kichomi kabla ya kutufikia.

Hospitalini tunapima shinikizo la damu, wingi wa damu, malaria na mkojo, kwa sababu mama mmoja anaweza kuwa na mambo mawili pamoja. Picha ya kifua huonyesha moyo mpana na maji mapafuni. Lakini kipimo kinachokata shauri ni eko, yaani kuutazama moyo kwa mawimbi ya sauti, kama ile mashine tunayotazamia mtoto tumboni. Hakiumi. Moyo mzima husukuma nje zaidi ya nusu ya damu iliyomo katika chumba cha kushoto kwa kila pigo. Katika ugonjwa huu kiasi hicho hushuka chini ya asilimia 45. Eko pia hutenganisha ugonjwa huu na ule wa milango ya moyo iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni, ambao nao hujitokeza sana wakati wa uzazi na matibabu yake ni mengine.

Kipimo kisipopatikana karibu, tunaandika rufaa kwenda Bombo, Tanga, au KCMC, Moshi, au Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyofunguliwa mwaka 2015 katika eneo la Muhimbili. Wazee wanakumbuka enzi ambazo wagonjwa wa moyo walikuwa wakisubiri safari ya India. Lakini matibabu ya kwanza hayangoji safari: mgonjwa huketishwa, hupewa oksijeni na dawa ya kutoa maji. Halafu hufuata dawa za kuupunguzia moyo kazi, kama enalapril na karvediloli. Baadhi ya dawa hizi, enalapril ikiwa mojawapo, zinadhuru mtoto aliye tumboni, kwa hiyo mama mjamzito asigawiwe vidonge vya jirani. Moyo uliolegea unaweza pia kugandisha damu ndani yake, na bonge likienda kichwani huleta kiharusi; ndiyo maana wengine huongezewa dawa ya kuzuia damu kuganda.

Kuna pia dawa ya kukausha maziwa, bromokriptini, ambayo Profesa Karen Sliwa na wenzake wa Afrika Kusini walitangaza mwaka 2010 kwamba iliwasaidia baadhi ya wagonjwa, ingawa waliojaribiwa walikuwa 20 tu. Hiyo ni ya daktari kuamua. Mtoto wa kijijini asiye na maziwa ya mama ana hatari yake mwenyewe, basi mtu asiache kunyonyesha kwa kusikia habari.

Akina mama wengi hupata nafuu, wengine moyo hurudi kabisa ndani ya miezi sita au zaidi. Kosa tunaloliona ni kuacha dawa mara uvimbe unapokwisha. Kwisha kwa uvimbe maana yake dawa inafanya kazi, si kwamba moyo umepona; hilo eko itasema.

Na hapa tunaomba akina baba wasome pia. Mimba nyingine, kama moyo haujarudi, inaweza kumuua mama. Hata uliorudi unaweza kulegea tena. Basi mume na mke waje pamoja kwa daktari kabla ya kufikiria mtoto mwingine. Vidonge vya uzazi vyenye estrojeni havimfai mama huyu, kwa kuwa huongeza hatari ya damu kuganda. Wanaofuata njia za asili wafundishwe vizuri na mwalimu anayejua, kwa maana wakati wa kunyonyesha siku hazitabiriki, na kuhesabu kwa kubahatisha juu ya kalenda ya ukutani hakutoshi kwa mama wa namna hii.

Yule mama wa mapacha alipimwa eko Dar es Salaam, akatumia dawa zaidi ya mwaka. Bado huja kwetu kupimwa shinikizo, akifuatana na mumewe, na bibi huleta daftari la dawa mwenyewe, limefungwa kwa khanga.