Zawadi kwa Mteja wa Kudumu: Hesabu ya Saluni na Mkono wa Msusi

Mpango wa zawadi kwa wateja wa kudumu ni makubaliano ambayo kwayo mwenye biashara humwahidi mteja kwamba kila atakaporudi kupata huduma, ujio wake utawekewa alama, iwe ni muhuri kwenye kadi, mstari daftarini au pointi kwenye simu, na kwamba alama hizo zikifikia idadi fulani atapewa kitu bila kukilipia. Wazo hili haliko mbali na desturi za sokoni, kwani muuza nyanya anayeongeza nyanya mbili juu ya fungu lililokwisha kulipiwa anafanya jambo la ukoo mmoja na hilo. Hata hivyo ipo tofauti kubwa: nyongeza ya sokoni hutolewa papo hapo, kwa hiari ya muuzaji, naye hadaiwi kitu ikiwa kesho hataongeza, ilhali mpango wa zawadi ni ahadi ya siku zijazo, na ahadi hiyo huwa deni tangu alama ya kwanza inapowekwa.

Makampuni makubwa yameutumia utaratibu huu kwa muda mrefu. Nchini Marekani kampuni ya Sperry & Hutchinson ilianza mwaka 1896 kuwauzia wenye maduka stempu ambazo wanunuzi walizikusanya na kuzibadilisha kwa bidhaa, shirika la ndege la American Airlines likaanzisha mwaka 1981 mpango wa kuhesabu maili za msafiri, Tesco ya Uingereza ikaeneza kadi yake ya Clubcard mwaka 1995, na nchini Kenya kampuni ya Safaricom ikaanzisha Bonga Points mwaka 2007, ambazo huongezeka kadiri mteja anavyotumia fedha kwenye simu yake. Mwenye saluni anayetamani kuwa na mpango wake huelekea kuiga mifano hiyo, hasa ile kadi ya mihuri 10 inayotumika katika migahawa ya kahawa, na hapo ndipo makosa mengi huanzia, kwa sababu nywele zina muda wake ambao haufanani na muda wa kahawa wala wa salio la simu.

Mwanamke aliyesukwa rasta hukaa nazo kwa kawaida wiki 4 hadi 8 kabla ya kufumua, na aliyetiwa dawa ya kulainisha nywele hushauriwa kusubiri wiki 8 au zaidi kabla ya kurudia dawa kwenye nywele mpya zilizoota. Ikichukuliwa kwamba mteja husuka kila baada ya wiki 6, kadi ya mihuri 10 itamchukua zaidi ya mwaka mmoja kuijaza, na katika muda huo kadi yenyewe itakuwa imepotea, imelowa au imesahauliwa kwenye mkoba wa sikukuu iliyopita. Kwa huduma ya kusuka, idadi inayoelekea kufaa ni ujio mara 4 au 5, ili zawadi ipatikane ndani ya miezi 6 au 7 na mteja aweze kuiona tangu siku anayopewa kadi.

Utafiti wa tabia za wanunuzi unaunga mkono jambo hili. Mwaka 2006 Joseph Nunes na Xavier Drèze walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa kwenye sehemu ya kuoshea magari, ambapo kadi 300 ziligawiwa: nusu yake zilihitaji mihuri 8 ili mteja aoshewe gari bure, na nusu nyingine zilihitaji mihuri 10 lakini 2 ilikuwa imekwisha kugongwa, hivyo kazi iliyobaki ilikuwa sawa kwa wote. Waliopewa kadi iliyoanzishwa walimaliza kwa asilimia 34, na waliopewa kadi tupu walimaliza kwa asilimia 19 tu. Msusi anayemkabidhi mteja mpya kadi yenye muhuri mmoja wa kumkaribisha, mbali na ule alioulipia, anatumia elimu hiyohiyo kwa gharama ndogo mno.

Mwaka huohuo Ran Kivetz na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia walionyesha, kwa kutumia kadi za kahawa, kwamba mtu anayekaribia kupata zawadi huongeza kasi ya kununua. Kwa muuza kahawa matokeo hayo ni habari njema, lakini kwa saluni yanataka tahadhari, kwa kuwa mteja anayeharakisha kusuka ili ajaze kadi huweza kudhurika. Nywele zinazovutwa kwa nguvu mara kwa mara, hasa za kwenye paji la uso na karibu na masikio, hukatika na baadaye mizizi yake huharibika, hali ambayo ikiachwa kwa muda mrefu huwa haiponi tena. Vivyo hivyo dawa ya kulainisha inayorudiwa mapema mno hudhoofisha nywele na huweza kuunguza ngozi ya kichwa. Mpango wowote unaomsukuma mteja afanye hivyo, kwa mfano kadi inayokwisha muda baada ya miezi 3, ni mpango mbaya hata kama unaingiza fedha, na saluni inayojali vichwa vya watu haipaswi kuuanzisha.

Dawa ya tatizo hilo imo ndani ya uchaguzi wa zawadi. Badala ya kumsuka mteja bure, saluni inaweza kumwosha nywele, kuzitia stimu, yaani kuzipasha mvuke ili mafuta yapenye, na kuziacha zipumzike kabla hajasukwa tena. Zawadi ya namna hiyo hutibu pale ambapo kusuka kulichosha, na kwa bahati njema ndiyo pia iliyo rahisi kwa mwenye saluni, kama hesabu ifuatayo, iliyotungwa kwa ajili ya mfano tu, inavyoonyesha.

Tuseme kusuka ni shilingi 30,000, nusu yake ni ujira wa msusi na nusu inabaki saluni, na katika nusu hiyo shilingi 3,000 hutumika kwa maji, umeme, shampuu na mafuta, hivyo kila kichwa kinaiachia saluni shilingi 12,000 za kulipia pango na mengineyo. Mteja aliyekuja mara 5 ameiachia saluni shilingi 60,000. Akisukwa bure mara ya 6, saluni italazimika kumlipa msusi shilingi 15,000 na kugharimia vifaa vya shilingi 3,000, jumla shilingi 18,000, ambazo ni asilimia 30 ya kilichobaki. Tangazo la mlangoni linaweza kusomeka kuwa ni kichwa kimoja kati ya 6, na mwenye saluni akadhani anatoa kitu kama asilimia 17, kumbe anatoa karibu theluthi ya fedha inayomlipia pango. Kuosha na kutia stimu, kwa upande mwingine, kukigharimu vifaa vya shilingi 2,000 na ujira wa shilingi 3,000 kwa msaidizi, kutachukua shilingi 5,000, ambazo ni kiasi cha asilimia 8, na mteja atahesabu kwamba amepewa huduma ambayo angeilipia 10,000.

Katika hesabu hiyo umo ujira wa msusi, na haukutiwa kwa bahati. Wasusi wengi hawana mshahara wa mwezi. Hulipwa kwa kichwa, kwa mgawanyo waliokubaliana na mwenye saluni, na wengine hukodi kiti na kujitafutia wateja wao wenyewe. Mwenye saluni anapotangaza huduma ya bure bila kusema nani ataibeba, msusi ndiye hujikuta amesimama saa 5 nyuma ya kiti akifanya kazi isiyo na malipo, jambo ambalo ni dhuluma, na ambalo mteja naye huligundua haraka kwa namna mistari inavyokatwa ovyo na ncha zinavyoachwa bila kuchomwa vizuri. Ni lazima ikubalike tangu mwanzo, mbele ya wasusi wote, kwamba zawadi inalipwa na saluni na kwamba aliyeitoa kwa mikono yake anapata ujira wake kamili.

Yapo mengine ya kina zaidi. Mteja wa saluni mara nyingi hana uaminifu kwa jengo wala kwa bango. Uaminifu wake uko kwa mtu anayejua kichwa chake, ambaye mkono wake ni mwepesi, anayekumbuka kwamba upande wa kushoto una kidonda cha zamani na kwamba rasta nzito humletea maumivu, na msusi huyo akihamia mtaa wa pili mteja humfuata hata kama alikuwa amebakisha muhuri mmoja. Kadi haiwezi kushindana na mkono. Kinachowezekana ni kumfanya msusi mwenyewe awe sehemu ya mpango, kwa mfano kwa kumpa kiasi kidogo kila kadi ya mteja aliyemhudumia inapojaa, ili kurudi kwa mteja kuwe faida ya wote wawili, na msusi apate sababu ya kubaki.

Wakati wa kutoa zawadi nao unahitaji kufikiriwa. Siku za kuelekea Idi na Krismasi, na mwishoni mwa wiki kunapokuwa na sendofu na harusi, saluni hujaa bila kushawishi mtu, na kiti kinachotolewa bure siku hizo humnyima nafasi mteja aliye tayari kulipa. Jumanne mchana hali ni nyingine: wasaidizi wapo, maji yapo, viti viko vitupu. Kadi inayosema wazi kwamba zawadi hupatikana Jumatatu hadi Alhamisi haimdhulumu mteja, mradi alisomewa sharti hilo siku alipoipokea, na si siku alipokuja kuidai.

Kuhusu kumbukumbu, kadi ya karatasi na daftari vinatosha kwa saluni ya viti 3 au 4, mradi kila muhuri uandikiwe tarehe na kutiwa saini, na daftari lionyeshe alama zilezile ili kadi ikipotea mteja asipoteze haki yake. Anayependa kutumia simu na kuandika majina na namba za wateja ajue kwamba anaingia katika eneo la sheria: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023 na inayomtaka mkusanyaji wa taarifa za watu ajisajili kwenye Tume husika, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Namba iliyotolewa kwa ajili ya kumkumbusha mteja siku ya kufumua haipaswi kupewa muuza vipodozi.

Linabaki suala la deni. Kanuni za kimataifa za uhasibu, katika kiwango kinachoitwa IFRS 15 kilichoanza kutumika mwaka 2018, huzitaka kampuni zihesabu pointi ambazo hazijatumiwa kuwa mapato ambayo bado hayajafanyiwa kazi, na saluni ndogo isiyo na mhasibu inaweza kufuata busara hiyohiyo kwa kutenga fedha kidogo kila muhuri unapogongwa. Katika mfano uliotolewa, shilingi 1,000 kwa kila kichwa zinatosha kulipia stimu ya mteja atakayefikia muhuri wa 5. Wateja nao huziona alama zao kuwa mali. Mwaka 2022 Safaricom ilipotangaza kwamba pointi zilizokaa zaidi ya miaka 3 zingefutwa, wengi walipinga na mpango huo ukasitishwa. Saluni inayolazimika kufunga mpango wake, kwa sababu ya kuhama au ya gharama, itangaze mapema, iache kutoa kadi mpya, iwape wenye kadi miezi isiyopungua 3 ya kudai, na aliyefikia muhuri wa 4 kati ya 5 aoshwe nywele zake kana kwamba kadi ilikuwa imejaa.