KWA MIGUU KATIKA KORONGO LA HELL'S GATE

Mbuga ambazo mgeni huruhusiwa kushuka garini na kujiendea kwa miguu kati ya punda milia na twiga ni chache mno katika Afrika ya Mashariki. Moja ni Hell's Gate ya nchini Kenya, jina ambalo maana yake ni Lango la Jahanamu. Iko kusini mwa ziwa Naivasha, kiasi cha kilometa 90 kutoka Nairobi, na ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1984. Ukubwa wake ni kilometa za mraba 68 tu, na simba ni nadra humo. Nyati lakini wamo, tena ni wengi, na mwenye busara huwapisha.

Safari ya siku moja yafaa ianze alfajiri, kabla jua halijachoma. Wengi hukodi baiskeli karibu na lango la Elsa, wengine hutembea. Mara baada ya kuingia, mgeni hulakiwa na jabali lililosimama peke yake mfano wa mnara. Ni mabaki ya volkano ya kale, na huitwa kwa jina la Gustav Fischer, Mjerumani aliyepita huko mwaka 1883. Wamasai wana habari yao juu ya jiwe hilo: husimulia kwamba ni bibi arusi aliyekatazwa kutazama nyuma alipokuwa akiondoka kwao, akatazama, akageuka jiwe. Nionavyo mimi, simulizi hilo lastahili jiwe lile kuliko jina la msafiri.

Kutoka hapo njia hupita katikati ya magenge mekundu. Juu huzunguka tumbusi. Chini hukimbia ngiri na swala, na pimbi huota jua juu ya mawe. Mwisho wa njia hiyo ndipo lilipo korongo lenyewe, Ol Njorowa. Zamani sana ziwa Naivasha lilikuwa kubwa kuliko lilivyo leo, na maji yaliyofurika yakatoka kupitia hapo, yakichimba majivu laini ya volkano. Leo ziwa halina mto unaotoka juu ya ardhi, bali njia ya maji imebaki. Mahali pengine kuta zake hukaribiana hata mtu aweza kuzigusa zote mbili kwa mikono. Maji ya moto huchuruzika kutoka mawe, kwa kuwa chini kuna joto lile lile ambalo, tangu mwaka 1981, limekuwa likizalisha umeme huko Olkaria. Mabomba ya mvuke yaonekana wazi ndani ya hifadhi, na wako wasioyapenda macho yao.

Lakini uzuri wa korongo ndio hatari yake. Mvua ikinyesha vilimani, maji yote hukimbilia humo, na mtu aliye chini ya anga lisilo na wingu hana habari ya kinachomjia. Kuta ni laini na zenye kuteleza. Mahali pa kupandia ni pachache. Mwezi Aprili 2012 vijana saba wa kundi la kanisa walichukuliwa na maji humo wakafa. Mwezi Septemba 2019 wakafa tena watu saba katika mafuriko ya namna ile ile, na korongo likafungwa kwa wageni. Miaka saba ni michache kwa kusahau.

Hivyo, anayekusudia kwenda hana budi kuwauliza askari wa mbuga mapema asubuhi kama korongo linaingilika siku hiyo, na kama mvua imenyesha upande wa juu, si mahali asimamapo yeye. Kiongozi wa njia mwenyeji si anasa. Yeye huzijua sehemu za kutokea. Na akisema turudi, hurudiwi na fedha bali maisha, kwa hiyo asibishwe. Aliyekatazwa kushuka bado ana njia za juu ya magenge, ambako korongo lote huonekana, na kwa upande wa mashariki mlima Longonot. Maji ya kunywa ayachukue kutoka nje, kwani kivuli huko ni kidogo na mchana ni mrefu.